Kununua renjifainda iliyotumika, ukiwa Tabora

Muuzaji akikuambia kuwa Leica aliyonayo iliachwa Tabora na askari wa Kijerumani walipokimbia vita, mrudishie kwa heshima wala usiulizie bei. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora Septemba 1916. Leica ya kwanza ilianza kuuzwa mwaka 1925, baada ya kuonyeshwa Leipzig, na ile ya kwanza yenye kipima umbali kilichounganishwa na lenzi ilitoka 1932. Wapiga picha wengi wa enzi ya Mjerumani walitembea na kamera kubwa za sahani za vioo. Kinachouzwa kwa hadithi hiyo, kikiwa na nembo ya tai na maandishi ya Kijerumani, mara nyingi ni Zorki au FED ya Kisovieti iliyochongwa jina jipya. Toa lenzi uchungulie ndani, upande wa juu. Leica halisi ina kigurudumu kidogo cha mviringo kinachogusa nyuma ya lenzi. Zorki na FED zina kipande cha chuma chenye umbo la tone. Kama inafanya kazi ni kamera nzuri, ila ilipie bei ya Zorki.

Naanza na hilo kwa sababu Tabora ni mji wa historia, na historia huongeza bei hata pale isipohusika. Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Tabora, Urambo, Nzega, Kigoma au popote kwenye njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, anayetaka kamera ya filamu ya kupigia picha huku huku. Fundi wa kamera aliye karibu huenda yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli, na filamu na betri maalumu nazo hutoka mbali vilevile. Kwa hiyo shauri langu kuu ni hili: nunua kamera ambayo utaweza kuitunza ukiwa Tabora. Mengine yote yanafuata hapo.

Kwanza, renjifainda ni nini. Ni kamera yenye vidirisha viwili mbele, mbali na lenzi. Ukichungulia kwenye kitazamio unaona katikati kuna kiraka chenye rangi ya njano au samawati, na ndani ya kiraka hicho kitu unachokitazama kinaonekana mara mbili. Unazungusha lenzi hadi taswira mbili ziwe moja. Hapo umepata fokasi. Hakuna kioo kinachoruka ndani wakati wa kupiga, ndiyo maana kamera ni ndogo, haina kelele, na unaweza kuishika mkononi kwa kasi ya 1/30 au hata 1/15 bila picha kutikisika. Faida hiyo utaiona ukiingia tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, alimokaa Livingstone mwaka 1872 kuanzia Februari hadi Agosti akisubiri wapagazi ambao Stanley angewatuma kutoka pwani. Vyumba vya tembe hupata mwanga kupitia mlango, basi. Ukiwa na filamu ya ISO 400 na lenzi inayofunguka hadi f/2, unapiga bila flashi, na ukuta wa udongo unaonekana ulivyo.

Kuna kazi ambayo kamera hii haiiwezi, na ni vizuri uijue kabla ya kutoa hela. Renjifainda nyingi hazifokasi karibu kuliko sentimita 70 hadi mita moja. Kama unataka kupiga nyuki mmoja mmoja kwenye sega, au nakshi ndogo za mlango, tafuta kamera ya aina nyingine. Mfugaji na mzinga wake, au watu wanaopanga majani ya tumbaku, hao ni wa renjifainda hasa.

Sasa aina. Nitazitaja chache tu, zile zinazopatikana kwa mtu wa kipato cha kawaida.

Kwa mazingira yetu naiweka mbele Canon Canonet QL17, hasa ile ya GIII iliyoanza kutengenezwa 1972. Lenzi yake ya milimita 40 inafunguka hadi f/1.7 na haitoki, kwa hiyo vumbi la Agosti halina mlango wa kuingilia. Jambo kubwa zaidi ni kwamba shata yake hufanya kazi bila betri, kuanzia 1/4 hadi 1/500. Betri ni ya mita ya mwanga peke yake. Ilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena kwa sababu zebaki ni sumu. Ukiweka ya volti 1.5 inayofanana nayo kwa umbo, mita itakudanganya. Basi iache tupu, upime mwanga kwa macho, nitaeleza namna.

Yashica Electro 35, iliyotoka 1966, ni nzuri kwa picha na mara nyingi bei yake ni ya chini, lakini inategemea umeme. Betri ikiisha, shata hubaki kwenye kasi moja tu, takriban 1/500. Betri yake ya asili, ya volti 5.6, nayo ilikuwa ya zebaki. Watu hutumia ya volti 6 na kujazia nafasi kwa springi. Ukiishika, vuta mkono wa filamu taratibu huku ukisikiliza. Kamera nzima hutoa mlio wa “tak” mkono unaporudi. Mlio usiposikika, kipande kidogo cha mpira ndani kimeoza, na mita haitasema kweli. Hiyo ni kazi ya kufungua kamera nzima, na Tabora sijui utampa nani. Iache.

Zorki 4, iliyotengenezwa karibu na Moscow kuanzia 1956 hadi 1973, na FED 2 ya Kharkiv ni za chuma tupu, hazina betri kabisa, na lenzi zake hutoka. Zina sharti moja zito: vuta filamu kwanza, ndipo ubadilishe kasi. Ukigeuza kitufe cha kasi kabla ya kuvuta unaweza kuvunja mashine ya ndani. Mpe muuzaji kamera mkononi mwake, mwombe akuonyeshe inavyofanya kazi, nawe tazama vidole vyake. Akianza na kitufe cha kasi, jua kamera imekuwa ikitendewa hivyo siku zote.

Leica zenyewe, M3 ya 1954 na ndugu zake waliofuata, ni bora kuliko zote nilizotaja. Hata hivyo bei yake ingenunua Canonet na filamu za mwaka mzima, na ikiharibika hutaikabidhi kwa fundi wa mtaani. Kama huna fedha ya kuituma mbali kwa matengenezo, huna fedha ya kuinunua.

Tuje kwenye ukaguzi, na hapa usikubali kuharakishwa. Nenda mchana, uwe na tochi ya simu, karatasi nyeupe na kalamu.

Anza na lenzi, kwa sababu ndiyo inayopiga picha. Ifungue hadi tundu pana kabisa, weka shata kwenye B, bonyeza usiachie, kisha mulika tochi kwa nyuma ukitazama kwa mbele, na baadaye kinyume chake. Vumbi kidogo ndani halina neno. Kila lenzi ya miaka 50 inalo. Unachotafuta ni nyuzinyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni kama mizizi: hiyo ni kuvu, nayo hula kioo. Kamera nyingi zilizokaa kabatini misimu mingi ya mvua huwa nayo. Tazama pia utando mweupe unaofanana na pumzi kwenye kioo. Utando huo hausumbui sana picha ya kivulini, lakini kwenye jua letu picha nzima itapauka. Mikwaruzo midogo ya mbele watu huiogopa kupita kiasi. Mkwaruzo mmoja hautauona kwenye picha; utando utauona kila siku. Ukilazimika kuchagua, chukua lenzi yenye mkwaruzo.

Kisha kipima umbali. Toka nje, tafuta kitu cha mbali chenye mstari uliosimama: mnara wa simu ulio zaidi ya kilomita moja unafaa sana. Zungusha lenzi hadi mwisho wa alama ya mbali kabisa. Taswira mbili za mnara lazima ziwe moja. Ikiwa moja imekaa kushoto au kulia, kipimo kimehama. Sasa rudi ndani, pima mita moja kutoka kwenye mwimo wa mlango, fokasi, usome namba kwenye lenzi. Kama inasema mita moja na mnara nao ulikaa sawa, umepata kamera iliyonyooka. Taswira ikiwa juu au chini ya mwenzake, picha bado zitatoka na fokasi sahihi, ila macho yatachoka. Kiraka kilichofifia hadi huoni kitu kwenye mwanga wa jioni ni sababu ya kutosha ya kuacha kununua; hakuna dawa rahisi ya hilo.

Shata. Jaribu kila kasi, ukianzia zile za polepole, maana mafuta yaliyoganda hujificha hapo. Sekunde moja iwe sekunde moja. Ikikwama katikati halafu ikamalizia, inahitaji kusafishwa. Fungua mgongo wa kamera, itazame karatasi nyeupe kupitia shata kwa 1/500: uone mweko ulio sawa pande zote. Kamera iliyopauka rangi kwa kushikwa kila siku mara nyingi shata yake ni hai kuliko ile inayong'aa iliyolala sandukuni miaka 30. Mimi ningechukua iliyopauka.

Kwenye Zorki, FED na Leica kuna jambo ambalo watu wa nchi za baridi haliwasumbui sana, sisi linatuhusu. Shata yake ni pazia la kitambaa, na kwa kuwa hakuna kioo cha kulikinga, lenzi iliyoachwa wazi ikielekea jua hukusanya miale na kulitoboa. Ingia chumba chenye giza, toa lenzi, fungua mgongo, mulika tochi kwa mbele. Nukta yoyote ya mwanga utakayoiona kwenye pazia itakuwa nukta kwenye kila picha. Ukishaimiliki, weka kifuniko cha lenzi unapotembea, na ukumbuke kukitoa. Kitazamio hakipiti kwenye lenzi, hivyo unaweza kumaliza mkanda mzima kifuniko kikiwa juu bila kujua.

Sponji nyeusi zinazozuia mwanga mlangoni mwa mgongo wa kamera zitakuwa zimeyeyuka na kunata kama lami. Hilo lisikutishe. Zikwangue kwa kijiti, futa kwa spiriti kidogo, kisha bandika uzi mweusi wa sufu au kipande cha felti nyembamba. Fundi cherehani yeyote atakupatia. Kufungua mashine yenyewe ni jambo jingine. Fundi saa mzuri ana bisibisi na mkono mwepesi, na anaweza kukaza skrubu iliyolegea, lakini usimruhusu mtu kupulizia mafuta ndani ya shata. Mafuta hutambaa hadi kwenye majani ya shata na kuyagandisha.

Ukichagua kamera ya lenzi zinazotoka, jua vipimo vya mdomo wake. Zorki, FED na Leica za zamani hutumia nyuzi za milimita 39. Lenzi hizo huingia kwenye Leica za M kwa kutumia pete ya kuunganishia, lakini za M haziwezi kurudi kwenye kamera za nyuzi. Kiev 4, kamera nyingine ya Kisovieti, ina mdomo wa Contax, tofauti kabisa, hata kama lenzi yake imeandikwa Jupiter-8 kama ile ya Zorki. Watu hununua lenzi kwa jina na kukuta haiingii. Ukipata Zorki yenye Jupiter-8 ya milimita 50 na f/2, baki nayo hiyo moja. Kila unapobadilisha lenzi barabarani kiangazi, vumbi jekundu linaingia ndani na kulala juu ya filamu, nalo hukwaruza.

Wapi kutafuta? Ningeanza na wazee waliokuwa na studio. Miji ya reli, Tabora ikiwamo, ilikuwa na studio zilizopiga picha za harusi, za vitambulisho na za wanafunzi, na vifaa vingine bado viko kabatini. Nenda umpe mzee shikamoo yake, ukae, umuulize alikuwa akiipigia nini kamera hiyo na mara ya mwisho aliisafisha lini. Atakueleza kasoro zake mwenyewe, maana aliishi nazo. Bei mtaizungumza baadaye. Na ukiona maboksi ya negativu, ulizia yatakwenda wapi. Usiyabebe kama nyongeza ya biashara; ni nyuso za watu na familia zao zipo. Lakini mwambie mzee au watoto wake wasiyachome moto, na kama wanakubali, wasaidie kuyaweka pakavu, kwenye bahasha za karatasi zenye miaka na majina pale anapoyakumbuka. Mji ambao picha zake nyingi za kale zilipigwa na wageni unazihitaji zile ulizojipiga wenyewe.

Mkikubaliana, andikishianeni: jina la muuzaji, tarehe, na namba iliyochongwa kwenye kamera. Kamera ya wizi hurudi kwa mwenyewe na pesa hairudi kwako.

Ukinunua kwa mtu wa mbali usiyemjua, mwambie akutumie video akipiga sekunde moja na 1/500, na picha ya lenzi iliyomulikwa kwa nyuma. Asiyetaka kufanya hivyo amekujibu tayari. Usitume fedha zote kwa simu kabla ya mzigo kuonekana. Kwa kamera itokayo nje ya nchi, piga hesabu ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 kabla ya kufurahia bei.

Hesabu nyingine inayosahaulika ni ya filamu. Kabla ya kulipia kamera, jua nani atakusafishia mikanda. Rangi husafishwa kwa dawa yenye joto la nyuzi 38 hivi, bila kuyumba, na ni afadhali kuipeleka kwa mwenye mashine. Nyeusi na nyeupe unaisafisha mwenyewe nyumbani: tanki moja, dawa ya kutoa picha, dawa ya kugandisha, maji, na chumba cha giza cha kupakilia filamu, au mfuko mweusi. Ilford HP5 kwenye dawa ya ID-11 isiyozimuliwa hutaka dakika saba na nusu kwa maji ya nyuzi 20. Maji ya bomba Tabora mara nyingi huwa na joto zaidi, na joto hufupisha muda. Fuata jedwali la mtengenezaji. Kiangazi, maji yaliyolala kwenye mtungi hushuka yenyewe kuelekea hapo panapotakiwa. Yachuje kwa kitambaa safi kwanza.

Mwanga upime hivi. Jua likiwa wazi, weka tundu f/16 na kasi iliyo karibu na namba ya filamu: ISO 200 inataka 1/250, ISO 400 inataka 1/500. Mawingu mepesi, f/11. Kivuli cha mwembe, f/4. Utaona kuwa kwa Canonet, filamu ya 400 mchana inakufikisha ukingoni mwa kasi, huna nafasi ya kufungua lenzi hata ukitaka. Kwa mchana wa Unyamwezi nunua filamu ya 100 au 200, ile ya 400 uiweke kwa ajili ya ndani ya nyumba na jioni.

Masika, usiiweke kamera ndani ya mfuko wake wa ngozi. Ngozi hushika unyevu na kulisha kuvu. Iweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, ukivikausha mara kwa mara, na uitoe kuitumia kila wiki.

Mkanda wa kwanza uwe wa majaribio, na uupige ndani ya siku ulizopatana na muuzaji kwamba unaweza kurudisha. Piga mwimo wa mlango kwa mita moja, tundu likiwa wazi kabisa. Piga mnara uleule wa mbali. Piga ukuta mweupe wenye jua kwa kila kasi, ukirekebisha tundu ili mwanga uwe uleule. Andika kila picha kwenye daftari. Kaa mbali na kambi za jeshi, na penye reli au ofisi za serikali omba ruhusa kwanza, maana kamera mpya mikononi mwa mtu anayelenga kila kitu huleta maswali.

Filamu ikishakauka, iinue dirishani. Michirizi myeusi inayoanzia kwenye matundu ya pembeni ni mwanga unaopenya mgongoni, hiyo ni kazi ya uzi wa sufu. Nukta nyeusi ileile mahali palepale ni tundu kwenye pazia. Picha za ukuta zikizidi kuwa nyeusi upande wa kasi kubwa, shata imechoka na inachelewa. Unaweza kuishi nayo kwa kutotumia 1/500. Nafasi kati ya picha zikiwa hazilingani, bora tu zisipandane. Lakini mwimo wa mlango ukiwa na ukungu ilhali ukuta ulio nyuma yake umekaa sawasawa, kipima umbali kinadanganya hata kama mnara ulikubali. Hiyo irudishe siku hiyohiyo, pamoja na negativu, mkaitazame wote wawili.